Sita kwa Sinia Moja

Mpishi wa shule yetu hakupenda watoto, na wala hakuficha. Alisema mtoto ni kamasi juu, uchafu chini, na katikati tumbo. Aliyasema hayo mbele yetu, mwiko mkononi, pua ameikunja kama mtu aliyefunua chungu cha maharage ya juzi. Tulimwita Mama Mpishi. Jina lake walilijua wakubwa, na wakubwa wenyewe hawakulitumia.

Namtaja leo kwa sababu nimechoka kusikia shule za enzi za Mwingereza zikisifiwa. Kila nikikaa na wazee wenzangu hapa Mbozi, lazima mmoja aanze: zamani kulikuwa na nidhamu, zamani mwalimu alikuwa mwalimu. Wengine huitikia kwa vichwa. Nidhamu hiyo niliionja, na ladha yake haijanitoka mdomoni.

Shule ilikuwa mlimani, nyumba ndefu ya matofali mabichi iliyoezekwa nyasi. Sisi tuliotoka mbali tulibaki kula mchana. Baada ya mavuno kila mzazi alileta ulezi au mahindi, na maharage. Chakula kilitosha. Nataka hilo lieleweke: kilitosha kabisa.

Ila Mwalimu Mkuu alikuwa na kiti chake barazani. Ikifika saa sita alikaa pale, soksi amezivuta hadi magotini, na mpishi akaamriwa kuweka masinia mawili makubwa katikati ya uwanja. Kisha Mkuu alipiga filimbi. Tulikuwa watoto zaidi ya arobaini, na tulikimbia wote. Vijana wa darasa la nne walifika kwanza wakayazunguka masinia, migongo nje, nasi wadogo tukapenyeza mikono katikati ya miguu yao. Nilimwona msichana wa darasa la kwanza akiokota matonge yaliyokwisha kukanyagwa, akiyapuliza mchanga kabla ya kuyatia kinywani. Mkuu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Dunia ndiyo hiyo," alimwambia mwalimu wa darasa la pili. "Afadhali waijue mapema."

Na yule mwalimu alicheka pia. Wazazi waliopita njiani na majembe yao waliona, wakasalimu, wakaenda zao.

Mama Mpishi alipochukua kazi hiyo alivumilia wiki moja tu. Jumatatu iliyofuata filimbi ililia, tukakimbia, tukakuta uwanja mtupu. Masinia yalikuwa jikoni, naye amesimama mlangoni.

"Leta chakula nje!" Mkuu alipaza sauti.

"Mimi sikuja kupikia mbwa," alijibu. "Ukitaka wale hivyo, mwalimu, njoo upike wewe."

Nadhani Mkuu angemfukuza siku ile ile kama angempata mwanamke mwingine wa kutwanga, kupasua kuni na kusonga ugali wa watoto arobaini. Aliyemtangulia alikuwa ameondoka bila kuaga. Basi Mkuu alicheka, akasema haya, tuone maajabu ya jikoni.

Maajabu yenyewe yalikuwa haya. Aliazima masinia madogo kwa wanawake wa kanisani, akatugawa sita sita. Hakutuachia tuchaguane. Alitukodolea macho siku mbili nzima, kisha akatupanga kwa kidole: mkubwa mmoja, mdogo mmoja, mmoja mwenye fujo, mmoja asiyefungua mdomo, msichana, na mmoja ambaye hakuna aliyemtaka. Kila kundi lilikaa chini mahali pake nyuma ya jiko, na yeye mwenyewe kila siku alikaa na kundi moja.

Sheria zake zilikuwa chache. Kabla ya kula, unamnawisha mwenzako, na unayemnawisha ni yule ambaye siku hiyo humpendi. Hakuna kumega tonge la pili kabla wote hawajamega la kwanza. Na kabla ya kuinuka, kila mmoja aseme mambo mawili: kilichomchoma leo, na kilichompoza. Mwenzako akisema, hurukii kujibu. Kwanza unarudia alichosema, mpaka akubali kwamba ndicho.

Mwanzoni tulisema upuuzi. Kilichonichoma ni jua. Kilichonipoza ni maji. Yeye alitutazama kwa kinyaa. "Mnaongea kama wakubwa," alisema, na kwake hilo lilikuwa tusi zito. Lakini mtu hawezi kusema jua kila siku. Siku moja kijana mkubwa wa kundi letu, aliyekuwa akitupiga ngumi za mgongo kwa mazoea, alisema kilichomchoma ni kwamba yeye bado hajui kusoma na wadogo wanajua. Alisema akiangalia ugali. Msichana wa kundi letu akarudia: "Kilichokuchoma ni kwamba hujui kusoma na sisi tunajua." Akajibu ndiyo. Basi, hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo ngumi zilipungua, na jioni niliwakuta wale wawili na kitabu kimoja.

Alikuwa na misemo yake, na sidhani kama ingefaa kuandikwa ukutani mwa darasa. "Hasira ni kama kinyesi," alituambia. "Kila mtu anayo. Aibu ni kuiacha njiani wenzio waikanyage." Mtoto akilia bila kusema sababu: "Machozi hayana herufi, sema." Na mtu akiomba radhi haraka haraka ili akimbie kucheza: "Hiyo umeitema, hujaisema. Iokote."

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa na vidole vikali vya kufinya, na alivitumia. Alinusa ugoro akapiga chafya juu ya kanga yake mwenyewe, kisha akatukaripia kwa kamasi zetu. Alikuwa na dada wa tumbo moja, na nyumba zao zilitenganishwa na ua wa matete tu, lakini hawakuwa wamesalimiana miaka na miaka. Kila mtu mlimani alijua. Siku moja mdogo mmoja wa kundi letu alimwuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini hamnawishi dada yake mikono. Alimfinya mpaka mtoto akaruka. Baadaye akamvuta karibu, akamwambia polepole: "Nimekufinya kwa sababu umenichoma. Mimi kwangu kumeshakauka, mwanangu. Ninyi bado ni wabichi, ndiyo maana nahangaika nanyi."

Na alichukia watu wa bondeni. Alisema watu wa Kamsamba wananuka samaki hata wakiwa wamekufa. Basi ndivyo mambo yalivyo duniani: kati ya watoto wote, mtoto aliyemgharimu kazi yake alitoka Kamsamba.

Aliitwa Yeremia. Wazazi wake walikuwa wamefariki, akaletwa mlimani kwa mjomba. Miguu yake ilikuwa imeliwa na funza mpaka anakanyagia visigino, na alinuka. Sisemi kwa kumdharau. Alinuka, na sisi tulikuwa na pua. Mama Mpishi alimwona siku ya kwanza, akakunja uso, akamweka katika kundi letu, ambalo lilikuwa limepungukiwa mmoja, karibu yangu.

Nilikataa kula. Nilikuwa na miaka tisa. Baba yangu alikuwa seremala, mzee wa kamati ya shule, na nyumbani tulikula mezani. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Mama, huyu ananuka."

Nilitegemea kufinywa. Hakunifinya.

"Ni kweli ananuka," alisema. "Hata mimi nasikia. Yeremia, wewe unajua kwamba unanuka?"

"Najua, Mama."

"Kwa nini unanuka?"

"Nalala na mbuzi wa mjomba. Nyumba imejaa."

Mama Mpishi akanigeukia. "Umesikia? Rudia alichosema."

"Analala na mbuzi," nilisema.

"Kwa nini?"

"Nyumba imejaa."

"Haya. Sasa sema tena lile lako la kwanza."

Halikutoka. Lakini moyo wangu ulikuwa mchafu, na mtoto wa seremala hakuzoea kushindwa na mpishi. Yeremia alipopeleka mkono kwenye bakuli la maharage niliinama nikatema mate, upande wake. Wote waliona. Mama Mpishi alimega tonge, akalichovya pale pale nilipotema, akala. Alitafuna akinitazama machoni, akameza. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya banda la kuni, na tukamsikia akitapika. Alirudi akijifuta mdomo kwa pindo la kanga.

"Hata mimi nimeona kinyaa," alisema, "ila si kwa Yeremia. Tuendelee."

Siku hiyo, baada ya kula, nilimnawisha Yeremia mikono. Sikuambiwa. Wiki ile ile Mama Mpishi alikaa na pini na mafuta ya taa akimtoa funza, akimtukana yeye, funza, na bonde zima la Rukwa, na sisi watano tukashika miguu yake kwa zamu ili asiirushe. Mwezi haukuisha kabla Yeremia hajaanza kukimbia. Alikuwa na mbio ajabu. Mkaguzi wa shule, Mzungu, alipokuja kututembelea alitukuta tunakula kwa utulivu, sita sita, akamsifu Mwalimu Mkuu. Mkuu akainamisha kichwa akasema ahsante, ni jitihada ndogo tu. Mama Mpishi alikuwa hatua tano kutoka pale, akiosha sufuria. Alitema mate ya ugoro.

Sasa nifike kwenye ndoo.

Mwalimu Mkuu hakupenda kutoka kwenda chooni penye baridi. Alikuwa na ndoo ya haja chumbani, na wanafunzi waliibeba kuimwaga kila asubuhi kwa zamu. Hilo tulilijua, na wazazi wetu walilijua. Waliliita heshima kwa mwalimu. Yeremia alipokuja, zamu ikafa. Mkuu alisema aliyezoea mbuzi hawezi kudhurika, na kazi ikawa ya Yeremia peke yake.

Asubuhi moja kishikio kilikatika, ndoo ikamwagika barazani. Mkuu hakumchapa. Alimwambia avue shati afute. Yeremia akafuta. Kisha akamwambia avae shati aingie darasani.

Alikaa nalo darasani hadi saa sita. Mwalimu wa darasa alifungua dirisha, akaendelea na hesabu za kuzidisha. Mtu mzima, mwenye watoto wake nyumbani, alifungua dirisha akaendelea!

Mchana tulikaa kwenye sinia letu, na hakuna aliyemwambia Yeremia kwamba ananuka. Ikafika zamu ya kusema kabla ya kuinuka. Mama Mpishi alikuwa na kundi letu siku hiyo.

"Kilichokuchoma," alimwuliza.

"Shati," alisema Yeremia.

"Sema yote."

Akasema yote, polepole, bila kulia, kama alivyofundishwa. Alipomaliza, yule kijana mkubwa akarudia. Sauti ilimkatika katikati, msichana akamalizia. Mama Mpishi alimtazama Yeremia. "Ndicho ulichosema?"

"Ndicho."

"Na kilichokupoza?"

"Hamkuhama," alisema.

Mama Mpishi aliinuka. Alimvua shati, akamfunika kanga yake ya mabegani, akaenda nyuma ya nyumba ya Mkuu. Alirudi amebeba ile ndoo kwa mikono miwili, na haikuwa tupu, maana yaliyobaki hakuna aliyeyamwaga. Alipita katikati ya uwanja, akapanda ngazi za baraza. Mkuu alikuwa na walimu wawili mezani, wali na nyama ya kuku mbele yao. Mama Mpishi akaiweka ndoo mezani, kando ya sahani yake, na shati akalitandika juu ya kuku.

"Chako hiki," alisema. "Nawa nacho."

Uwanja mzima ulisikia. Mwalimu wa darasa la pili alisukuma kiti akakimbia akishika mdomo. Mkuu hakusimama. Alibaki amekaa, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza nilimwona kuwa ni mtu mfupi.

Laiti ningeweza kuishia hapo.

Siku iliyofuata Mkuu alianza kutuita mmoja mmoja ofisini. Aliuliza swali moja: yule mwanamke anawafanyia nini kule nyuma ya jiko? Kijana mkubwa alisema tunakula tu. Alichapwa mpaka akashindwa kukaa. Msichana alisema tunakula tu, alichapwa. Yeremia hakuitwa.

Mimi sikuchapwa. Kwa mtoto wa mzee wa kamati, Mkuu alivuta kiti. Alinimiminia chai ya maziwa, akanikatia mkate, akaupaka jamu. Sikuwa nimewahi kula jamu. Akasema kwa upole, wewe ni kijana mwerevu, hivi huyo mama haweki kitu katika chakula? Maana watoto hawawezi kusema siri zao hivi hivi. Nilitazama mkate. Nikasema labda anaweka. Akauliza, kitu gani? Nikasema unga, mweusi. Ulikuwa ugoro wake, na nilijua hajawahi hata siku moja kuutia chunguni. Mkuu akanisogezea kipande cha pili, nami nikala. Nilikula vyote viwili.

Kamati ilikaa Jumamosi. Wazee saba, baba yangu kati yao, watu wa sala, watu waliomjua mwanamke yule tangu zamani. Hakuna aliyeuliza habari za shati, wala za ndoo. Walizungumza dawa, ulozi, na adabu ya wanawake. Nilimsikia baba akimwambia mama jioni: "Uongo mtupu, kila mtu anajua. Lakini tukimgusa Mkuu wataifunga shule." Kisha akaomba chakula. Mama akampakulia.

Jumatatu filimbi ilirudi. Yeremia hakuonekana tena. Walisema amerudishwa bondeni. Mama Mpishi alihama mlimani, maana aliyeitwa mchawi haachiwi hata kisima. Nilisikia kwamba siku anaondoka dada yake alitoka hadi kwenye ua, akasimama, na hakuna kati yao aliyefungua mdomo.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimehitimu ualimu, nafundisha shule moja upande wa Ileje. Nilikuwa nimefika Tunduma kwa shughuli zangu, na pale karibu na kizuizi cha mpaka malori yalikuwa yakipakia watu wa kuvuka. Alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, amekonda, meno machache, lakini pua ilikuwa imekunjwa vile vile. Nilimjua hapo hapo.

Nilipiga goti. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwana wa seremala."

"Ndimi. Mama, unasafiri?"

"Navuka kwa binti yangu. Ameolewa ng'ambo, anazaa kama panya. Anataka mtu wa kumpikia."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa miaka kumi na mitano. Nikayasema yote: chai, mkate, unga mweusi. Sikuyatema, niliyasema. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza akarudia, neno kwa neno karibu, kisha akauliza: "Ndicho ulichosema?"

"Ndicho, Mama. Naomba radhi."

"Ulikuwa na miaka tisa," alisema. "Wewe nilikusamehe kabla sijafika njia panda. Baba yako je?"

"Amefariki."

"Basi huyo Mungu ndiye atakayemsamehe. Mimi sikuweza." Alinusa ugoro, akajifuta. Nilihisi mzigo umenitoka mgongoni, na nadhani nilitabasamu. Ndipo akanitazama viatu, soksi, kaptura iliyopigwa pasi, kalamu mfukoni. "Umekuwa mwalimu."

"Ndiyo, Mama."

"Watoto wa shule yako wanakulaje mchana?"

"Wanakula vizuri, Mama."

"Sikuuliza kama wanakula. Wanakulaje? Nani anamega kwanza? Nani hapati? Nani anakaa peke yake?"

Mchana sisi walimu tulikula ofisini, mlango umefungwa kwa sababu ya kelele. Miaka miwili nilikuwa pale, na sikuwa nimetoka hata siku moja kutazama.

"Hujui," alisema.

Utingo akaita kwa heshima ya watu wa ng'ambo, "Mama mukwai, panda, tunaondoka!" Nikainama nimbebee mzigo. Aliuvuta kutoka mikononi mwangu, akaunyanyua mwenyewe.

"Kumbe aliyekulea ni yule wa filimbi," alisema, "si mimi."

Akapanda, akakaa akiangalia mbele.